Nyumba Yenye Mapaa Mawili

"Mama mkubwa, hivi nyumba ya Kigali ilikuwa na mapaa mangapi?"

Nilimuuliza hivyo siku aliyorudi, nikiwa darasa la tatu. Alikuwa amekaa juu ya begi lake uani kwetu, hajavua hata viatu, na mama yake amelala kwenye mkeka kivulini. Mama yangu alinivuta sikio hadi nyuma ya jiko. "Kuna maswali na kuna matusi," akaniambia, "na wewe hujui tofauti." Kweli sikuijua. Tangu mwaka uanze nilikuwa nasikia watu wazima wakisema paa, mapaa, paa moja, mapaa mawili, wakashindwa kulala kwa ajili ya mapaa, nami nilitaka kujua hesabu ilivyoisha. Mama mkubwa Milembe hakunijibu. Aliomba bibi apewe maji kwanza.

Kwa hiyo habari hii nimeiokota kidogo kidogo, kwa mama, kwa watoto wake Bujiku na Scola, na kwake mwenyewe siku alizokuwa na moyo wa kusema. Nikiipanga, inakuwa hivi.

Milembe alikuwa mtoto pekee aliyebakia kwa mama yake. Mama yake, Kwandu, aliishi Kalemela, akalima mtama na kukausha dagaa mpaka mume akafa na macho yakaanza kumwacha. Moshi wa jiko, jua, uzee, kila mtu alikuwa na sababu yake. Hospitali walijaribu jicho moja, likabaki na ukungu uleule. Lakini kilichomtisha Milembe si ukungu, ni wekundu. Macho ya Kwandu yalikuwa mekundu, na kijijini watoto wa nyumba mbili za jirani walikuwa wamekufa kwa homa, wakifuatana. Watu wakaacha kumsalimia. Wakawa wakipita wanatazama miguu yao. Mtu wa Usukumani anajua ukimya huo unakoelekea: kikongwe mwenye macho mekundu huitwa mchawi, na usiku mmoja huja mapanga.

Aliyekwenda kumchukua alikuwa Luhende, mume wa Milembe, kaka mkubwa wa baba yangu. Alikuwa fundi wa mashine za kuchambua pamba hapa Bariadi, akaomba lori la pamba lipitie Kalemela. Kwandu alikalishwa mbele na dereva. Luhende alipanda nyuma, juu ya marobota, kwenye upepo na vumbi, mpaka mjini.

Dereva alimcheka. "Fundi, mbele kuna nafasi ya watu watatu! Unaogopa kikongwe?"

"Ni mama mkwe wangu," Luhende akajibu kutoka juu. "Endesha."

Kwetu mkwilima, yaani mume wa binti yako, si mtu wa kukaa naye bega kwa bega. Mkwilima na mama mkwe hawapeani mkono, hawali chungu kimoja, na hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani mmoja hupisha. Watu wa kanisani wanasema siku hizi ni mambo ya kizamani, na wengi wameyaacha. Luhende hakuyaacha. Wala si kwa woga. Alisema mwanamke aliyenyang'anywa kijiji chake asinyang'anywe na heshima.

Basi alimjengea Kwandu nyumba yake kwao Somanda, mtaa wa hapahapa Bariadi, upande wa pili wa ua, chumba kimoja cha matofali na mlango uliotazama uzio wa minyaa, si nyumba kubwa. Alipompelekea maji alikohoa kwanza akiwa mbali, akaiweka ndoo chini, akaondoka. Kwandu alimkoholea kumjibu, akasubiri mpaka hatua zipotee ndipo atoke kuipapasa ndoo. Kile kikohozi ndicho kilichokuwa salamu yao. Miaka yote ile hawakuwahi kuonana uso kwa uso, na nathubutu kusema sijaona watu waliopendana kama wale.

Kisha pamba ikaanza kuleta shida. Msimu ukawa mfupi, mashine zikisimama mafundi wanaambiwa waende nyumbani mpaka waitwe, na kuitwa kwenyewe ni majaliwa. Luhende akashinda uani akitengeneza baiskeli za watu. Ndipo mtu aliyewahi kufanya naye kazi akampigia kutoka Kigali, Rwanda: kiwanda cha nyuzi kinatafuta fundi anayejua pamba. Kazi ya kudumu, na mkataba unaruhusu familia. Kiwanda kingegharamia safari ya mke na watoto, ila wafike kabla kiangazi hakijaisha.

"Na mama?" Milembe akauliza.

"Mama Bujiku, mimi nimewahi kumwacha mama?"

"Hujawahi."

"Basi. Natangulia. Nikipata nyumba ya kutosha wote, nawaita."

Akaondoka na begi moja. Milembe alimsindikiza hadi stendi, akarudi akitembea haraka, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Kwandu alikuwa amekaa mlangoni kwake.

"Amekwenda?"

"Amekwenda, mayu," Milembe akajibu; mayu ndiyo mama kwetu.

"Sikumkoholea," bibi akasema. "Na yeye kakohoa, nikasahau kumjibu."

Sasa ndiyo ilianza kazi ya kutafuta nyumba, na Milembe aliifanya akiwa Bariadi, kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Kule Kigali mtu hatembei tu akiuliza nyumba, kuna madalali wanaoitwa makomisheneri. Luhende aliangukia kwa mmoja aitwaye Janvier, kijana wa Nyamirambo anayejua Kiswahili, mwenye pikipiki na maneno mengi. Kila nyumba waliyoiona, Luhende alipiga video akaituma. Jioni Milembe alikuja kwetu kwa sababu mtandao ulikamata vizuri karibu na tangi letu la maji. Tukajazana watoto wote begani kwake.

Mimi niliona maajabu. Niliona vilima juu ya vilima, barabara zisizo na hata ganda la ndizi, vigae chooni vinavyong'aa kuliko sahani zetu. Kila nyumba niliyoiona nilisema hii hii. Milembe hakutazama vigae. Alikuwa akitazama juu.

Sauti ya Luhende: "Hii ina vyumba vitatu, maji ndani, shule iko karibu."

"Ghorofa?" Milembe akauliza.

"Ni ghorofa, ndiyo. Sisi tungekuwa juu, mama chini."

"Baba Bujiku! Ulale juu ya kichwa cha mama mkwe wako?"

Luhende akalegeza sauti: "Nilikuwa nauliza tu."

Ikaja nyingine, wao chini mama juu, nayo ikakataliwa kwa sababu hiyohiyo iliyogeuzwa. Ikaja yenye chumba cha uani, lakini chumba kilikuwa cha mlinzi wa geti na mwenye nyumba hataki kumtoa. Ikaja nzuri kabisa, nyumba na kibanda chake cha nje chenye choo, ua katikati, Milembe akasimama kwa furaha; kesho yake mwenye nyumba akaambiwa mpangaji ni mgeni mwenye watoto na kikongwe kipofu, akabadili nia. Anaogopa bibi atafia mle, ndivyo Janvier alivyotafsiri bila kupunguza.

Janvier mwenyewe alishindwa kuelewa. Tulimsikia kwenye video akilalamika. "Mzee, huyu mama mkwe wako ni malkia? Watu hapa wanatafuta paa moja hawapati, wewe unataka mawili!"

"Kwetu kila mama mkwe ni malkia," Luhende akajibu.

"Basi huko kwenu kuna nchi nyingi sana."

Tulicheka. Milembe pia alicheka, siku ile. Baadaye jina likamganda Luhende, kila komisheneri Nyamirambo akamwita Mzee wa Mapaa Mawili, wakimwona anapita wanapiga mluzi.

Kwandu hakuwahi kusema anataka au hataki. Aliuliza neno moja tu kila Milembe aliporudi kutoka kwetu: "Mlango wangu unatazama wapi?" Na Milembe akawa hana mlango wa kumwambia. Miezi ikaenda. Pamba ikavunwa, ikauzwa. Majirani wakaanza. "Mama Bujiku, hujaenda tu Ulaya yako?" Mwingine kisimani akasema wazi mwanaume akikaa mji wa watu peke yake hatafuti nyumba, anatafuta mwenye nyumba. Milembe aliweka ndoo kichwani akaondoka, maji yakimwagikia usoni, na kwa ajili hiyo hakuna aliyejua kama alilia.

Shangazi mmoja alimshauri amwache bibi kwa watu. "Watu gani?" Milembe akamuuliza. "Wa Kalemela?" Shangazi akaokota kanga yake akaaga. Kuna swali linalojijibu.

Kiangazi kilipokuwa kinakaribia kwisha, Luhende alipiga simu, sauti yake juu.

"Nimepata! Ina nyumba ya nje. Mlango wake, choo chake, jiko lake la mkaa. Mwambie mama mlango unatazama bonde."

Video ilionyesha geti jekundu, ua wa saruji, mlango wa mbele. Kisha ikakatika. Ikaanza tena upande wa nyuma, mlango mwingine wa kijani, na bonde chini yake lenye nyumba kama punje. Mimi niliona mlango, nikapiga makofi. Hakuna aliyeuliza kwa nini video imekatika katikati. Milembe alikuwa amekwisha kukimbia kwenda kumwambia mama yake bonde.

Nyumba ya Somanda ikapangishwa kwa mwalimu mmoja, na kile chumba cha bibi mwalimu akakifanya stoo. Mama yangu alishindilia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na nsansa, majani makavu ya kunde, kwenye mfuko, maana nani ajuaye kama Kigali kuna mboga za kueleweka. Basi likaondoka alfajiri, likapita Lamadi, na mimi nikabaki nikiwaonea wivu mpaka nikashikwa na homa.

Walipofika Luhende aliwapokea na Janvier kwenye geti jekundu. Watoto wakamrukia baba yao. Kwandu alibaki nyuma kwenye gari la kukodi, kitenge kimefunika kichwa, akisubiri mkwilima apishe. Milembe aliingia kwanza kuangalia. Akasimama katikati ya ua, akanyanyua macho.

Bati lilikuwa moja. Lilianzia juu ya mlango wa mbele, likapanda, likashuka, likaenda mpaka juu ya mlango wa kijani bila kukatika popote. Nyumba ilikuwa nyumba moja, imegawanywa ukuta katikati, nusu ya nyuma ikaitwa nyumba ya nje kwa sababu mlango wake unatokea nje.

"Baba Bujiku," akasema.

Luhende alikuwa akitazama viatu vyake. "Nyamaza kwanza, Mama Bujiku. Nitapata nyingine. Muda ulikuwa unaisha, wasingewaleta tena."

Janvier akaingilia, maskini, akidhani anasaidia. "Mama, mlango mbalimbali, choo mbalimbali! Paa ni la nini? Nani anatembea juu ya paa?"

Milembe angeweza kugeuka. Basi lililomleta lingemrudisha. Lakini mumewe alikuwa amekonda mpaka kola ya shati imekuwa kubwa, Scola alikuwa tayari amevua viatu anakimbia ndani, na Bariadi nyumba yao ina mwalimu. Akarudi kwenye gari, akamshika mama yake mkono. Hakumpitisha njia fupi kando ya ukuta. Alimzungusha. Wakashuka mpaka mwisho wa ua, wakapita nyuma ya jiko la mkaa, wakapita kamba ya nguo, wakarudi wakapanda kwa upande wa pili.

"Mayu, ua ni mkubwa."

"Kama wa Bariadi?"

"Unaupita."

Kwandu akapapasa mlango wa kijani, akapapasa fremu, akageuza uso wake kwenye hewa ya bonde. "Mkwilima wangu ni mtu," akasema. "Wabeja." Ndiyo asante ya Kisukuma. Na Milembe akasema amesikia, ataufikisha ujumbe.

Ndivyo walivyoanza kuishi uongo ule, wote wanne, kwa uangalifu kama watu wanaobeba yai. Kulikuwa na mlango kwenye ukuta wa katikati. Luhende aliusukumia kabati la nguo. Bujiku na Scola walikatazwa kugonga ukuta, kukimbia, kupiga kelele kwa ndani. Wakitaka kwenda kwa bibi wazunguke kwa nje, tena wasifike haraka. "Tulikuwa tunasimama kwenye kamba ya nguo kwanza," Bujiku aliniambia, "tunahesabu, ndiyo twende." Milembe alipika upande wa mbele, akaizungusha sahani ya mama yake ikipoa njiani.

Na Luhende aliacha kukohoa. Vumbi la pamba humkaa fundi kifuani maisha yake yote, na kikohozi kikimpanda alikuwa anatoka ndani, anavuka ua, anafungua geti, anakwenda kukohoa barabarani. Milembe alimwona dirishani, mwanaume mzima ameinama kando ya mtaro wa watu, mkono mdomoni, kisha anarudi akinyata kwenye nyumba anayoilipia mwenyewe.

"Simsikii mkwilima siku hizi," Kwandu akasema siku moja. "Ni mzima?"

"Hewa ya hapa imempa nafuu, mayu."

"Mungu ashukuriwe," bibi akasema.

Kila Jumapili Luhende na Janvier walipanda pikipiki kwenda kutafuta nyumba yenye mapaa mawili ya kweli, ili uongo uishe kabla haujagundulika. Walikwenda Kimironko, wakaenda Gikondo, wakapanda na kushuka vilima. Janvier alikwisha kuacha mzaha. Alikuwa amemwona bibi siku ile akishukuru, na baada ya hapo akamwambia Luhende hataki malipo ya nyumba ya pili. Jioni Milembe alisikia geti likifunguka, akatazama mabega ya mumewe, akajua hakuna haja ya kuuliza.

Kuna jambo Milembe aliniambia akinong'ona, kama mtu anayetaja dhambi. Alisema yeye, binti wa wakulima, aliyezaliwa kwenye nchi ambako watu wazima wanalia mvua ikichelewa, alikuwa anasimama kwenye ule ua kila asubuhi akitazama mawingu na kuomba mvua isinyeshe. Aliogopa mlio wa bati. Mvua ikianza upande wa mbele na kukimbia hadi nyuma bila kuruka nafasi, kipofu atahesabu. Kipofu hana kazi nyingine ila kuhesabu sauti.

Mvua ilikuja Jumapili, Milembe akiwa sokoni. Siku hiyo Luhende hakuwa ametoka, kifua kilimbana. Ilianza kwa upepo, kisha ikamwagika, na Kigali mvua hainyeshi tu, inateremka na kilima. Maji yaliporomoka kutoka kwa majirani wa juu, yakabeba udongo, yakarundika tope kwenye mlango wa kijani mpaka ukakataa kufunguka. Yakaingia kwa chini. Watoto walisikia bibi akiita, kwanza kwa sauti ya kawaida, akimwita Milembe. Kisha akaacha kuita jina, akawa anaita tu.

Luhende alitoka nje, akapambana na tope kwa jembe. Mlango haukusogea. Akarudi ndani, maji yanamchuruzika, akasimama mbele ya kabati. Bujiku anasema baba yake alisimama pale kitambo, mikono imeshika kabati, kama mtu anayesali. Halafu akalivuta, likaanguka kifudifudi, nguo zikasambaa. Akaufungua mlango wa katikati.

Akakohoa. Hilo hakulisahau.

"Mayu, nisamehe," akasema. Akaingia, maji yanamfika magotini, akampandisha mama mkwe wake mgongoni, akamtoa.

Milembe aliporudi ameloa, kikapu kichwani, aliwakuta hivi: Kwandu amekaa kwenye kiti cha Luhende sebuleni, amevikwa koti la Luhende, mikono mapajani, uso umeelekezwa ukutani. Luhende mwenyewe alikuwa nje, ameegemea geti, mvua yote ikimpiga. Hakutaka kukaa chumba kimoja naye hata baada ya kumbeba. Bati lilikuwa linalia lote kwa pamoja, mwanzo hadi mwisho.

Tangu siku ile Kwandu hakula chakula cha nyumba ile. Aliloweka michembe iliyobaki kwenye mfuko wa mama yangu, akatafuna hiyo. Hakugomba, hakulaani, hakumtaja mtu. Alisema neno moja tu. "Nirudishe."

"Wapi, mayu? Tutarudi wapi?"

"Nirudishe."

Luhende alimvuta Milembe hadi kwenye kamba ya nguo, akaongea naye polepole.

"Mama Bujiku, ningemwacha azame?"

"Hapana."

"Basi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, Baba Bujiku."

"Na yeye kakosa nini?"

"Naye hajakosa."

"Sasa?"

Milembe anaamini mpaka leo, hata wangepatikana wazee wa Usukuma mzima wakakalishwa chini, hakuna ambaye angelijibu lile neno "sasa".

Alirudi na mama yake na watoto wote wawili, maana Luhende anaingia zamu za kiwandani na hakuna wa kuwaangalia. Walipanga iwe kwa muda, atafutiwe bibi mahali, kisha Milembe arudi. Mahali hapakupatikana. Mwalimu alikataa kuhama Somanda kabla mkataba wake haujaisha, na kila aliyeambiwa amkaribishe Kwandu aliyatazama yale macho kisha akakumbuka ana wageni. Milembe akapanga chumba kimoja Malambo, mtaa mwingine wa hapa Bariadi, mlango unatazama ukuta wa jirani. Kule Kigali Luhende akairudisha ile nyumba, akahamia chumba cha mtu mmoja. Janvier ndiye aliyempata mwenye kulichukua kabati.

Kwandu alikufa kabla pamba haijafunguka. Luhende alikuja mazishini. Alisimama mbali, nyuma ya wanaume wote, na udongo ulipoanza kutupwa nikasikia mtu anakohoa, mara moja. Niligeuka. Alikuwa yeye, na Milembe naye alikuwa amegeuka.

Baada ya matanga alimwambia mkewe twende. Sasa nyumba yoyote inatosha, hata ghorofa. Nilidhani Milembe ataruka. Mimi ningeruka. Lakini alikwangua masizi ya sufuria kwa ukucha, kisha akasema hawezi kwenda kuishi kwenye nafasi aliyoachiwa na kifo cha mama yake. Luhende akasema yeye hakumuua. Milembe akasema anajua. Wote wawili walijua, wala haikusaidia. Luhende akaondoka peke yake na lile begi moja.

Mwanzoni simu zilikuja kila jioni, kisha kila Jumapili. Sasa anatuma salamu kwa baba yangu, na baba akizitoa anatazama pembeni. Tumesikia kuna nyumba kule, na kwenye nyumba hiyo kuna mtu. Sijui ina mapaa mangapi. Hilo sikuuliza.

Milembe anauza dagaa anaoletewa kutoka Lamadi. Bado anakaa kwenye kile chumba cha Malambo ingawa mwalimu alikwisha kuhama Somanda. Anasema hawezi kuuvuka ule ua na kukuta ile nyumba ndogo. Mimi sasa niko kidato cha tatu, na Jumamosi namsaidia kupepeta mchanga kwenye dagaa. Wiki iliyopita mvua ilitukuta ndani, ya kwanza mwaka huu, ikaanza upande wa mlango na kukimbia juu ya vichwa vyetu hadi ukuta wa nyuma. Tuliacha kupepeta. Mama mkubwa alikuwa ametazama juu, ungo mapajani, na bila mimi kufungua mdomo akaanza kunijibu.

"Lilikuwa moja," akasema. "Na mama alijua tangu usiku wa kwanza, alimsikia mkwilima wake akijigeuza kitandani ng'ambo ya ukuta. Aliniambia mwenyewe, karibu na kufa. Nikamuuliza, sasa mayu, mbona ulinyamaza? Akasema, kwa jinsi ulivyonizungusha kwenye ule ua niliyahesabu mawili, mwanangu, ili upate pa kukaa na mumeo. Ningeyahesabu mawili hadi nife. Lakini mtu akishakubeba mgongoni, hesabu hiyo haiwezekani tena."